Binti kakubaliwa chuo chenye jina, anataka kwenda komuniti koleji. Mama yake hataki hata kusikia

#1 Baba_Kent
Wakuu habari. Hili jambo limetukalisha vikao wiki ya tatu sasa hapa nyumbani, Kent, kusini mwa Seattle.

Binti yetu anamaliza sekondari mwezi Juni. Aliomba vyuo sita, vinne vimemkubali. Kimoja ni cha binafsi huko Mashariki mwa Marekani, kile ambacho ukikitaja kanisani shingo zinageuka. Wametoa misaada yao yote, na bili inayobaki kwetu ni dola 31,000 kwa mwaka. Mtoto kakaa na karatasi, kapiga hesabu, akatuita mezani: "Baba, mimi nabaki nyumbani. Naenda Highline, halafu nahamia UW." Highline ni komuniti koleji ya hapa, chuo cha umma ambako unasoma miaka miwili ya mwanzo; UW ni Chuo Kikuu cha Washington. Mimi nilitaka kucheza. Mama yake amenuna tangu siku ile. Anasema hakuvuka bahari ili mwanawe aje kusoma "komuniti".

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Mama huyohuyo ni zao la komuniti. Alianza na CNA, msaidizi wa muuguzi, akapanda LPN, na RN, unesi kamili, akaimalizia hukohuko, na leo mshahara wake unanipita. Nikimkumbusha, ndiyo kwanza nimemwaga petroli.

Mwisho wa kuthibitisha na kulipa amana ni tarehe 1 Mei. Je, mimi ndiye bahili au mwenzangu ndiye anayebeba jina? Matusi hapana.

#2 NgojaWaje
Nimeshavuta kiti. Waje wenye digrii za majina.

#3 Shangazi_Minneapolis
Jameni, huyo mama mimi namuelewa kabisa na nitamtetea. Nimepita njia hiyohiyo. Unatoka zamu ya usiku kwa nyumba ya wazee saa moja asubuhi, unabadilisha nguo kwa gari, saa mbili uko darasani la Anatomia unasinzia na kalamu mkononi. Watoto wako kwa jirani. Hapo nje theluji imefika kwa goti. Miaka mitano hivyo. Sasa mtu kama huyo akisikia "komuniti" hasikii shule. Anasikia hiyo baridi.

Baba Kent, unamkumbusha ukidhani unamsifu. Acha kumkumbusha.

Halafu kwa wale wanaodharau: mtihani wa leseni ya unesi ni mmoja, NCLEX. Aliyetoka komuniti na aliyetoka chuo kikuu wanakaa mtihani uleule. Ni kweli hospitali nyingi kubwa siku hizi zinataka BSN, digrii ya unesi, lakini hiyo unaimalizia mtandaoni huku unalipwa.

#4 Mlimani98
Nitakuwa tofauti kidogo. Mleta uzi, jina la chuo ni la maana na tusidanganyane. Sisi tuliosoma Mlimani tunajua: unaingia ofisi yoyote Dar, unakuta darasa lako limekaa pale. Hiyo haimo kwenye silabasi lakini ndiyo ilitulisha.

Na kwa huko mliko kuna la ziada. Mtoto anaitwa jina ambalo mwajiri hawezi kulitamka. CV yake ikifika mezani, kitu pekee ambacho yule mzungu anakitambua ni jina la chuo. Mtoto wa tajiri wa huko anaweza kusoma popote, mjomba atampigia simu mtu. Wako hana mjomba wa hivyo. Chuo ndicho mjomba wake.

#5 Kibaha_Boy
Mkuu #4 unatisha watu bure. Obama mwenyewe alianzia komuniti koleji, na jina lake halikuwa rahisi kutamka.

#6 Mzee_wa_Kumbukumbu
#5 chai hiyo. Obama alianzia Occidental, Los Angeles. Kile ni chuo binafsi cha miaka minne, ada yake si ya mchezo. Alihamia Columbia mwaka 1981. Alihama kweli, lakini komuniti hakupita.

Ukitaka mifano ya kweli ipo. Tom Hanks alisoma Chabot, California. Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kurusha na baadaye kuongoza chombo cha angani cha Marekani, alianzia Corning Community College, New York, kisha akahamia Syracuse. Na Jill Biden aliendelea kufundisha komuniti ya Northern Virginia mumewe akiwa Ikulu.

#7 Kibaha_Boy
Nimekosea, nimekubali. Ila nimewafungulia mjadala, nilipwe posho.

#8 Nyar_Kisumu
Mkimtaja Obama mtaje na mzee wake. Alipomaliza Hawaii alipata nafasi mbili: New School ya New York, ambayo ingelipia na familia, na Harvard, ambayo ililipia ada yake tu. Alichagua Harvard, akaacha mke na mtoto mchanga. Mtoto wake ndiye alikuja kutueleza. Ugonjwa wa jina ni wa zamani kuliko WhatsApp.

#9 NgojaWaje
Wajaluo mnakubali wenyewe leo 😂

#10 Nyar_Kisumu
Harvard ni Harvard bwana. Hata mimi ningeenda.

#11 Mhasibu_Dallas
Tuweke hisia pembeni tuangalie namba. Februari 2024 kituo cha utafiti wa komuniti koleji cha pale Columbia, kwa kushirikiana na Taasisi ya Aspen na National Student Clearinghouse, kilitoa ripoti. Kati ya wanaoanzia komuniti, karibu 8 kati ya 10 wanasema lengo lao ni digrii ya kwanza. Wanaofanikiwa kuhamia chuo cha miaka minne ni kama theluthi moja. Wanaoipata digrii ndani ya miaka sita ni asilimia 16.

Kumi na sita. Binti yako anasema "halafu nahamia UW" kama anayesema halafu nakunywa chai.

#12 Shangazi_Minneapolis
Hiyo 16 imechanganya watu wa kila aina. Imo ndani yake mimi na zamu yangu ya usiku. Wamo mama wenye watoto watatu, wanaosoma kozi moja kwa muhula, na wengine maisha yaliwakatisha katikati. Mtoto wa miaka 18 anayekaa kwa baba, anasoma muda wote na hana mtoto, hamuweki kapu moja na sisi.

#13 Mhasibu_Dallas
Sawa dada, lakini na huyo wa miaka 18 ana mtego wake. Mdogo wangu alikuja, akaanza komuniti vizuri, muhula wa pili akapata kazi kwenye ghala la vifurushi. Akaona dola. Akanunua gari la mkopo. Sasa anafanya kazi alipie gari, na gari linampeleka kazini. Mwaka wa sita huu, krediti 41. Akiwa bweni kwenye chuo kikubwa wenzake wote wanasoma, naye angesoma kwa aibu tu.

#14 Fundi_Louisville
Bandugu jambo. Mimi ni Mukongomani, mutu wa Uvira, nilipitia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma, ndiyo nikafika Kentucky na miaka 27. Cheti cha sekondari kilibaki vitani. Chuo gani kingenipokea? Komuniti ilinipokea hivyo nilivyo. Walinianzisha Kingereza, nikafanya GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, palepale, kisha umeme. Leo nina leseni na nina vijana wawili nawafundisha kazi.

Munaposema komuniti ni ya walioshindwa, mukumbuke kuna watu hawajashindwa, hawajapewa nafasi bado.

#15 Mama_Kombo_Columbus
#14 umenena baba.

Nami nitoe langu, maana hakuna aliyetaja krediti zinazopotea. Nilisoma komuniti jimbo moja, mume akapata kazi jimbo lingine, nikahamia chuo kikuu cha huko. Wakazipima. Kozi sita hawakuzitaka. Nyingine mbili walizipokea kama za ziada tu, hazihesabiki kwenye fani. Nikarudia Takwimu niliyopata A! Mwaka mzima na pesa vikaenda hivyo. Mshauri wa kule nilikoanza alikuwa ananiambia "usijali, zinahamia zote". Zote wapi?

Baba Kent, sharti la kwanza: usisikilize neno la mdomo. Kuna mikataba ya maandishi kati ya vyuo vya jimbo moja. California wana tovuti nzima inayoonyesha kozi hii ya hapa ni ipi ya kule, na kampasi sita za UC, chuo kikuu cha jimbo hilo, zina nafasi ya uhakika kwa anayetimiza masharti. Berkeley na UCLA hazimo kwenye hizo sita, watu hudhani zimo. Kila jimbo na lake.

#16 Kibaha_Boy
Kwa hiyo ni krediti 60 komuniti, 60 chuo kikuu, jumla 120, si ndiyo? Hii naijua jamani, msinikamate tena.

#17 Jirani_wa_Auburn
Tunakukamata tena. Hiyo ni kwa majimbo yanayotumia semesta. Washington wanakwenda kwa robo mwaka: 90 komuniti, 180 kwa digrii. Na mkataba wa huku unaitwa DTA. Ukimaliza shahada ya miaka miwili chini ya DTA, UW na vyuo vingine vya jimbo wanachukulia masomo ya msingi umeyamaliza, unaingia kama mwaka wa tatu. Ila DTA haikupi nafasi kwenye fani. Hapo ndipo watu wanalia.

Baba Kent, anataka kusoma nini? Halafu mbona Highline, Green River wana tawi hapohapo Kent.

#18 Baba_Kent
Nashukuru wote, nasoma kila kitu. Highline kwa sababu... hapa niseme ukweli ambao sikuusema mwanzoni. Yuko Highline tayari. Tangu darasa la 11 anasoma Running Start, asubuhi yuko sekondari, mchana chuoni. Ana krediti 45.

Fani: kompyuta.

#19 NgojaWaje
Sasa mzee si ungeanza na hilo! Watu tumemwaga wino kurasa mbili.

#20 Jirani_wa_Auburn
Mkuu, umebadilisha kesi yote. Krediti 45 ni nusu ya 90. Kilichobaki ni mwaka mmoja, na hiyo nusu ya kwanza hamkulipa ada, Running Start ada inabebwa na serikali. Ugomvi wa nyumbani kwenu ni wa mwaka mmoja.

Lakini sikiliza kwa makini. Sasa hivi, pamoja na krediti zake, anahesabika mwombaji anayetoka sekondari. Siku atakapomaliza sekondari na kujiandikisha Highline msimu wa vuli, anageuka mhamiaji, yaani mwombaji anayetoka chuo kingine. Misaada ya ufaulu vyuo vingi huiweka kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Na kompyuta UW ni mlango mwembamba: wengi wanaingizwa moja kwa moja kutoka sekondari, wahamiaji wachache mno. Anaweza kuingia UW na asiipate kompyuta.

UW walimjibuje? Yumo kwenye wale wanne?

#21 Baba_Kent
Yumo. Lakini si kwenye kompyuta. Wamempa "bado hajachagua fani".

#22 Mlimani98
Hapo sasa. Kile cha Mashariki wamempa kompyuta?

#23 Baba_Kent
Ndiyo. Huko unachagua mwenyewe.

#24 Mlimani98
Basi mama yake hajabeba jina tu. Huenda ameona asichokiona mhasibu.

#25 Mhasibu_Dallas
Mhasibu ameona hivi. 31,000 mara nne ni 124,000, na bei hupanda kila mwaka. Njia ya binti: mwaka mmoja komuniti, ada haizidi sana dola 5,000. UW kwa mkazi wa jimbo ni kama 13,000 kwa mwaka, miaka miwili au mitatu. Analala kwake, anapanda treni. Hata mkimnunulia kompyuta mpya kila mwaka hamfiki nusu.

Na hiyo 31,000 mtaikopa wapi? Kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kwa wazazi umewekewa dari: 20,000 kwa mwaka, 65,000 kwa mtoto mmoja basi. Mtoto mwenyewe mwaka wa kwanza anakopeshwa 5,500. Jumlisha: 25,500. Pengo 5,500 mwaka wa kwanza tu, na mkikopa 20,000 kila mwaka, mwaka wa nne kwenye ile 65,000 mtakuta 5,000 imebaki chini ya debe. Zaidi ya hapo ni benki.

#26 Mzee_wa_Kumbukumbu
Hapa kuna kitu wazazi wengi hawakijui. Vyuo vyenye majina makubwa kabisa mara nyingi ndivyo rahisi kwa familia ya kipato cha kawaida. Harvard tangu mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato hadi dola 200,000 hailipi ada, na chini ya 100,000 hulipi hata chakula na bweni. MIT nao ada wameifuta hadi 200,000. Wanaoumiza ni wale wa kati: wana jina la kutosha kukutamanisha, hawana mfuko wa kutosha kukusaidia. Nadhani chuo cha binti kimo kundi hilo.

Barua ya rufaa wameandika? Unaweza kuwaandikia ofisi ya misaada, ukaeleza kipato kimepungua, unasaidia wazazi nyumbani, ukaambatanisha na ofa ya chuo kingine. Si jambo la aibu, wenyeji wanafanya kila siku.

Kuhusu jina lenyewe. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Columbia, Michael Thaddeus, alichambua takwimu ambazo chuo chake kilipeleka kwenye orodha ya vyuo bora ya U.S. News, akaonyesha hazikai sawa. Columbia ikashuka kutoka namba 2 hadi 18. Majengo yaleyale, walimu walewale. Na 2019 mlisikia wazazi matajiri waliokuwa wananunua nafasi, wengine kwa kutengeneza picha mtoto aonekane mpiga makasia. Watu walifungwa jela kwa ajili ya stika ya jina la chuo ya kubandika kwenye gari.

#27 Mlimani98
Mzee unaleta visa. Mimi nakupa utafiti wa mwanauchumi Chetty na wenzake, 2023: ukilinganisha waombaji wanaofanana, anayeingia vile vyuo vya juu kabisa nafasi yake ya kufika asilimia moja ya kipato cha juu inaongezeka kwa nusu.

#28 Mzee_wa_Kumbukumbu
Malizia sentensi mkuu. Utafiti huohuo ulikuta kipato cha wastani hakibadiliki sana. Wanauchumi Dale na Krueger walisema karibu hivyohivyo mwaka 2002, wakatoa wachache ambao chuo kiliwasaidia zaidi, wakiwemo watoto wa familia duni.

#29 Mlimani98
"Wakiwemo watoto wa familia duni." Asante kwa kunimalizia.

#30 Binti_Moshi
Niwachekeshe kidogo. Nilimpigia bibi Moshi kumwambia mjukuu wake anaanza "chuo cha jamii". Akanyamaza. Akauliza, "Kwa hiyo atajifunza kushona au useremala?" Kichwani kwake ni chuo cha maendeleo ya wananchi. Kesho yake ukoo mzima unanipa pole.

Lakini na sisi nyumbani hatuna tofauti. Mtoto akienda diploma wakati ana alama za kidato cha sita, watu wanashusha sauti. Angalia tulivyofanya vyuo vyetu vya ufundi: Dar Tech ikawa taasisi, Kenya Polytechnic ikawa chuo kikuu, Mombasa Polytechnic ikawa chuo kikuu. Kila mtu anakimbia neno.

#31 Fundi_Louisville
Kushona na useremala hapa Louisville kunalipa, mwambie bibi.

#32 Wa_Pili_Kuzaliwa
Naandika mara ya kwanza, nasomaga tu. Nina miaka 22, Kiswahili changu mnisamehe.

Mimi nilikubaliwa chuo kizuri nikachagua komuniti. Niliwaambia wazazi ni kwa sababu ya pesa. Pesa ilikuwa nusu. Nusu nyingine niliogopa nani atampeleka bibi kliniki na kutafsiri. Nani atajaza FAFSA, fomu ya misaada ya chuo, ya mdogo wangu. Nilibaki nyumbani, na kwa sababu niko nyumbani basi niko huru, si ndiyo? Shule saa nne, lakini saa tatu mama anasema nipitishe kwa shangazi. Komuniti ya miaka miwili nilimaliza miaka mitatu na nusu. Sijutii yote. Ila hakuna aliyeniuliza.

Uncle Baba Kent, huyo binti alipiga hesabu kwenye karatasi. Nani alimwambia bili ni kazi yake?

#33 Shangazi_Minneapolis
Uwi. Huyu mtoto ametumaliza.

#34 Mhasibu_Dallas
Kijana una hoja. Lakini bili ni bili, hata ukiulizwa.

#35 Baba_Kent
Nimechelewa kujibu. Baada ya #32 nilifunga simu, nikaenda kugonga mlango wake.

Nilimuuliza kama kuna kitu kingine zaidi ya pesa. Akasema hapana. Halafu akasema ndiyo. Anaogopa kuwa peke yake kule na baridi, anaogopa kufeli mbele ya watu waliosoma shule za bei mbaya, na aliona mama yake amechukua zamu ya tatu ya wikendi tangu barua zije. Kisha akasema na Highline anaipenda kweli, kuna mwalimu wa hisabati anamwelewa, na hataki tuseme kama ni uoga tu. Sasa lipi ni lipi? Nimetoka na maswali zaidi ya niliyoingia nayo.

Mama yake alikuwa koridoni. Amesema neno moja tu: "Mimi sikuwa na pa kuchagua." Akaenda kazini.

Barua ya rufaa tumetuma jana. UW nao tumewaandikia kuuliza kuhusu kuingia kompyuta ukiwa ndani. Siku kumi na moja zimebaki.

#36 Mama_Kombo_Columbus
UW watakachojibu kuhusu krediti 45 wakupe kwa maandishi. Na hicho cha Mashariki waulize wanazipokea ngapi.

#37 Mzee_wa_Kumbukumbu
Na kama atabaki komuniti, atazame Jack Kent Cooke, ufadhili wa wahamiaji kutoka komuniti, unafika dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani ni mkali, lakini GPA yake si mbaya?

#38 Baba_Kent
3.9. Alipata B moja ya Michezo, mpaka leo anadai alionewa.

#39 Kibaha_Boy
Tuletee mrejesho tarehe 1. Usitufanyie kama yule wa uzi wa mbuzi.

#40 Mpya_Tacoma
Samahani kwa kuingilia. Wangu yuko darasa la 10. Hiyo Running Start mtu anajiandikisha lini, na basi la kumpeleka analipa nani?

#41 Jirani_wa_Auburn
Muone mshauri wa sekondari mwezi huu, msisubiri Juni. Kuna fomu yao ya kuthibitisha, na chuo kinampima au kinatumia alama zake kumpanga Kiingereza na hesabu. Ada hulipi, ila vitabu na usafiri ni juu yenu. Kadi ya nauli ya ORCA ya vijana hadi miaka 18 ni bure kwenye mabasi.

#42 NgojaWaje
Mrejesho wa yule wa mbuzi nao haujaja.